Kifungo cha Koti la Bwana Tulloch

Jumatatu, 2 Juni

Nimemaliza shule kabisa Ijumaa, na leo nimeanza kazi. Mikono inanuka petroli hata baada ya kunawa mara tatu, na kwa furaha niliyonayo nimeshindwa kumaliza viazi vyangu.

Karakana ya Bwana Tulloch iko nyuma ya duka la samaki. Anatengeneza fimbo za gofu za watu wa hapa Pitcarrow: ananyoosha zilizopinda, anakaza vichwa vilivyolegea, na zaidi ya yote anavua mishikio iliyochakaa na kuvalisha mipya. Mama alitaka niende hoteli ya bandarini, mapokezi, nisimame siku nzima nikizungumza na wageni. Nililia. Bibi akavaa koti la mvua, akatoka bila kuaga, akarudi na habari kwamba Bwana Tulloch atanichukua kwa majira haya ya kiangazi, kwa majaribio.

Kumbe tunaojaribiwa ni wawili. Mezani kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa taulo. Alipofunua niliona mshikio wa fimbo ya kusukumia, ile ya mwisho, ya kuingizia mpira shimoni. Mishikio ya kawaida ni myembamba. Vidole vinaikaba, na kifundo cha mkono kinacheza. Huu ni mnene kama karoti ya maonyesho na bapa kwa mbele, ili vidole gumba vilale sambamba na viganja vitazamane. Hakuna mkono unaomtawala mwenzake, na vifundo vinatulia. Hivyo ndivyo anavyosema yeye.

Shida ni kwamba vifundo vyake mwenyewe havijawahi kutetemeka, kwa hiyo hawezi kujua. Alihitaji mtu mwenye mikono mibovu. Bibi akamwambia anaye mmoja nyumbani.

Ni kweli. Nikiwa peke yangu nasukuma mpira vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Akitokea mtu mmoja tu wa kutazama, mikono inakuwa ya mtu mwingine.

Bwana Tulloch alisema bila kuniangalia, na nilimshukuru kwa hilo: "Miaka sita nimekaa na kitu hiki. Siku ya mashindano ya Birika kikifanya kazi mbele ya watu, nakiuza, nawe unabaki hapa ujifunze ufundi. Kisipofanya, Oktoba nafunga mlango, naenda Nairn kwa dada yangu nikapalilie waridi."

Alipokuwa akivaa koti lake la kazi kifungo cha katikati kilikatika. Hakukishona. Alinifunga utepe wa mpira kifundoni, akachomeka kifungo nusu chini yake, akaniambia nisukume mpira kwenye zulia. Mkono ukijikunja hata kidogo, kifungo kinachomoka.

Kilichomoka mara ya kwanza.

Jumanne, 3 Juni

Kifungo: mipira minne.

Jumatano, 4 Juni

Tisa. Mvua.

Ijumaa, 6 Juni

Thelathini na moja! Alikuwa ametoka kununua maziwa. Aliporudi akasimama mlangoni kutazama, kikachomoka mpira uliofuata. Akasema, "Basi tatizo ni mimi," akaenda kunywa chai yake uani, mvuani, koti likipepea kwa kukosa kifungo.

Jumatano, 11 Juni

Jumatano ni siku ya chama cha kina mama cha kusukuma mpira. Hawapigi mpira mrefu wala hawana haja nao. Wana uwanja wao karibu na ufuko, mashimo kumi na nane kwenye nyasi fupi zenye matuta na mabonde, na kazi yao ni kusukuma tu. Bibi ndiye nahodha. Alinipeleka na fimbo yenye mshikio wa Bwana Tulloch. Walikuwepo kumi na tisa, wote wakauangalia. Mmoja akauliza kama ni fimbo au mguu wa meza.

Nilipiga vibaya hadi nikaona aibu kuandika. Lakini kuna jambo moja: mikono ilitetemeka kidogo kuliko kawaida. Mpira ndio uliokwenda kushoto, kila mara, kwa kiasi kile kile.

Alhamisi, 12 Juni

Najua kwa nini unakwenda kushoto.

Ukivalisha mshikio unazungusha kwanza utepe wenye gundi pande mbili, unamwagia petroli, kisha una nusu dakika ya kuuingiza na kuunyoosha. Petroli ikishakauka, hakuna kurekebisha. Ule nilivalisha mimi Jumanne. Mbele yake bapa hapakulingana sawasawa na uso wa fimbo, labda kwa unene wa kucha. Niliona wakati ule. Bwana Tulloch alikuwa akizungumza na mteja, nikaona haya kumkatiza, na nusu dakika ikapita.

Yeye anadhani kosa ni la ubunifu wake. Ameketi siku nzima na penseli, anachora na kufuta.

Ijumaa, 13 Juni

Sikusema.

Jumamosi, 14 Juni

Nilimkuta na msumeno. Kalibu ya mbao, ile anayotumia kuupa mshikio umbo, aliyoichonga kwa miaka sita, ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa tayari kukatwa. Alisema labda ubapa ndio unaoudanganya mkono. Afadhali kuanza upya na umbo la mviringo.

Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika: Niliuvalisha upande. Niliona. Sikukwambia. Nikakiweka juu ya msumeno.

Alisoma, akaisoma tena. Akaenda kuichukua fimbo, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja.

"Tangu Jumanne?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Morven, hapa ndani ukiona kitu kimekwenda upande, sema. Piga kelele. Nitupie nyundo ukitaka. Mimi mzee, sitakasirika, ila muda wa kurudia miaka sita sina."

Kisha akanipa kisu cha ndoano nikavua mshikio wangu mwenyewe. Nikavalisha mwingine, sawasawa, naye akihesabu sekunde kwa sauti kama mtangazaji wa mbio za farasi. Nilipomaliza nilisema, "Umenyooka." Lilikuwa neno langu la kwanza mle ndani ambalo halikuwa jibu.

Jumatano, 18 Juni

Hauendi kushoto. Hauendi kushoto. Hauendi kushoto.

Jumatatu, 23 Juni

Bwana Tulloch ameleta mpango. Kila siku mtazamaji mmoja, kuanzia wepesi. Leo: mbwa wa duka la samaki. Kifungo: arobaini na mbili, kisha mbwa akakila. Tumengoja. Kimepatikana. Nimekiosha mimi.

Alhamisi, 26 Juni

Mtazamaji: tarishi. Kumi na saba. Alichelewesha barua za mtaa mzima kwa kutazama.

Jumanne, 1 Julai

Mtazamaji: Bibi. Sita. Bibi ni mgumu kuliko tarishi.

Jumatano, 9 Julai

Ukungu wa bahari siku ya nne. Huoni hata tuta la pili. Katika ukungu hakuna anayekuona, na nilimaliza mzunguko kwa mipigo thelathini na tisa. Bibi aliangalia kadi yangu mara mbili, akauliza nani aliyeiandika. Mwenzangu niliyezunguka naye akasema ameiandika yeye kwa mkono wake mwenyewe, na aliyeona ajabu kwanza ni yeye.

Jumapili, 13 Julai

Tukila supu ya shayiri nilimwomba Bibi aniambie habari za Birika, maana kila mtu anazungumza kana kwamba nazijua.

Kila Septemba kina mama wa Pitcarrow wanapambana na wa Kinlarrick, mji wa upande wa pili wa ghuba, saba kwa saba, kila mmoja na mpinzani wake. Zawadi ni birika la shaba lenye mdomo uliopinda. Wanaoshinda wanalichukua mwaka mzima, lakini siku hiyo hiyo lazima wawamiminie chai walioshindwa, mmoja mmoja, kwa mikono yao. Bibi alisema kunywa chai ile ndiyo adhabu.

Na kuna jambo la mwisho. Ikiwa jozi sita za kwanza zimegawana ushindi, na jozi ya saba imefungana, wawili wale wanabadilishana fimbo na kurudia shimo la kumi na nane. Huanzisha yule wa upande wenye birika. Desturi ilitokana na wanawake wawili wa zamani waliotuhumiana kwamba fimbo ya mwenzake ina bahati.

Nikauliza kama imewahi kutokea. Bibi akasema mara mbili. Mara ya pili, miaka ishirini na sita iliyopita, alikuwa yeye na Rhona Imrie wa Kinlarrick. Akainuka akaosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwambia Bwana Tulloch: itakuwaje nikitakiwa kubadilishana? Mshikio utakuwa kwa mtu mwingine. Akasema mara mbili katika karne nzima, nisijisumbue. Kisha akaanza kukuna kidevu.

Jumatano, 23 Julai

Mvua kubwa. Mpira wa mshikio ukilowa unateleza kama samaki. Bi. Purves wa chama alirusha fimbo yangu mtoni kwa bahati mbaya alipoomba kuijaribu. Alikuwa wa kwanza kuomba! Nafikiri nitaikumbuka siku hii kwa hilo, wala si kwa mto.

Jumatatu, 28 Julai

Mshikio mpya: nje yake si mpira tena, ni kizibo cha chupa kilichosagwa na kubanwa. Nimeulowesha kwenye ndoo na hautelezi hata chembe. Tulicheka wawili kama wendawazimu. Mimi ndiye niliyemwambia kuhusu kizibo. Nilisema tu, kwa sauti, katikati ya kazi: "Je, kizibo?"

Ijumaa, 8 Agosti

Watazamaji: wasichana watatu wa duka la samaki, wakila chipsi. Mmoja akasema ninapoinama nafanana na mtu aliyepoteza hereni. Nilicheka na kifungo hakikuchomoka. Hamsini. Tuliacha kuhesabu.

Jumatano, 20 Agosti

Bi. Purves ameteguka goti kwa kumfukuza shakwe aliyeiba mkate wake wa kiazi. Bibi alisimama mbele ya chama akasoma majina ya Birika kwa mpangilio wa kadi za majira yote, wala hakuinua macho. Jina la saba lilikuwa Morven Geddes.

Mtu akanong'ona kuhusu mjukuu. Bibi akasema kadi ziko ukutani, mwenye miwani aende akasome.

Alhamisi, 21 Agosti

Hoteli wamemwandikia Mama. Nafasi ya mapokezi wanaishikilia hadi katikati ya Septemba. Nilimwambia sitaki, na kwa mara ya kwanza niliyasema yote bila kulia. Sikutegemea alichojibu. Alisema yeye alifanya kazi hoteli ile miaka kumi na minane, chumba cha kufulia, kwa sababu kule chini hakuna mtu wa kuzungumza naye. "Nilijificha mpaka nikazoea," alisema. "Sitaki na wewe ujifiche. Karakana ile haina hata dirisha la mbele."

Nilidhani Mama haoni haya na mtu yeyote duniani. Nimekaa na jambo hili siku nzima.

Jumatano, 3 Septemba

Upepo. Kifungo: sijajaribu, naogopa kuharibu.

Jumatano, 10 Septemba

Zimebaki siku tatu. Si woga tu. Kuna kitu kinachorukaruka ndani kama mtoto anayengoja gari la kwenda matembezini.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika yote, hata mkono ukiuma.

Kulikucha kwa jua na upepo mwembamba wa magharibi. Kinlarrick walikuja kwa basi dogo wakiwa na birika lao kwenye kapu. Ni lao mwaka wa tatu sasa. Bi. Rhona Imrie alishuka wa mwisho. Ana miaka sabini na kitu, mrefu, amenyooka, kofia imebanwa kwa pini mbili. Bibi na yeye walisalimiana kwa kupeana vidole vinne tu. Kisha Bi. Imrie akaniangalia mimi, akaangalia fimbo yangu, akamuuliza Bibi kama siku hizi Pitcarrow wanaokota watoto njiani.

"Huyu tumemwokota nyumbani kwangu," Bibi alisema. "Angalia asije akakuokota wewe."

Nilikuwa jozi ya saba. Yeye pia.

Walikuwepo watu kama themanini kando ya uzio. Mama alikuwepo, na sare ya kazi chini ya koti. Bwana Tulloch alisimama pembeni, ameshikilia koti lake kwa mkono lisipepee. Shimo la kwanza mikono ilianza. Nikaweka vidole gumba sambamba, nikahisi kizibo kikijaza viganja, nikafikiri juu ya kifungo. Mikono ikatulia. Siwezi kueleza furaha ile. Ilikuwa kama kusikia jokofu likizima jikoni na kugundua kwamba muda wote lilikuwa likinguruma.

Bi. Imrie ni hatari. Mipira mirefu anaisukuma juu ya matuta kana kwamba ameyajenga yeye. Lakini kuanzia shimo la sita niliona kitu. Mpira ukibaki karibu, hatua moja au pungufu, hasubiri. Anafika, anagonga, anaondoka. Watu wanadhani ni kiburi. Mimi pia nilidhani hivyo, na niliogopa kiburi chake. Mara mbili alikosa.

Tulifika la kumi na nane tumefungana. Tukamaliza tumefungana. Nikamwona Bibi akija juu ya nyasi, uso mweupe, akanong'ona na nahodha wao. Jozi sita: tatu kwa tatu.

Bi. Imrie akaninyooshea fimbo yake.

Nilimpa yangu. Nilihisi mshikio ukitoka viganjani kama mtu anayechukuliwa na treni. Yake ilikuwa nyembamba, ya ngozi ya zamani, nyeusi kwa jasho. Nilipoifunga mikono nikakuta mabonde. Vidole vyake vilikuwa vimeichimba ile ngozi, vinne kila upande, hadi kwenye chuma. Hakuna mtu anayekaba fimbo namna ile kama mikono yake imetulia. Niliinua macho nikamtazama, naye akajua nimejua.

Alianza yeye. Hatua kumi na mbili, juu ya tuta, kushuka kushoto. Aliusukuma ukasimama umbali wa mkono mmoja kutoka shimoni. Watu wakapiga makofi. Akauendea kwa haraka yake ile, akainama, na akasimama.

Alisubiri. Alikuwa akiangalia mikono yake. Nilihesabu hadi tisa. Kisha akausukuma taratibu, kama anayemsogezea mtoto kikombe, ukaingia katikati kabisa.

Hakuinua mikono kushangilia. Aligeuza fimbo akaangalia mshikio chini na juu. Bwana Tulloch kule uzioni hakuwa akiangalia mpira. Alikuwa akimwangalia yeye.

Zamu yangu. Ngozi nyembamba, mabonde ya mtu mwingine, macho themanini na zaidi. Nikaweka vidole gumba sambamba, kana kwamba ule mnene bado upo. Kwa pigo la kwanza mpira wangu ulipanda tuta, ukashuka, ukasimama hatua moja na kidogo. La pili nilisubiri, nikasukuma, na mpira ulikwenda pale pale nilipoutuma. Ukagusa ukingo wa kulia, ukauzunguka nusu, ukabaki nje.

Tumeshindwa.

Nataka iandikwe hapa vizuri: vifundo havikutetemeka. Kifungo kisingechomoka. Nilisoma mteremko vibaya, nikadhani unavuta zaidi kuliko unavyovuta. Nimekosa mara elfu katika maisha yangu, na hii ndiyo mara ya kwanza kukosa kama mchezaji.

Chai ilinywewa kibandani. Bi. Imrie alinimiminia mimi. Birika liligonga kikombe, tinga tinga tinga, na nusu ya chai ikaenda kwenye sahani. Mikono ile ile. Wenzake waliangalia biskuti.

"Miaka kumi na moja," alisema kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu. "Nagonga kabla mikono haijajua. Leo nimesubiri, na haikufanya kitu." Kisha akapaza sauti: "Desturi inasema fimbo zirudishwe wakati wa chai. Sirudishi. Kamwiteni polisi."

Watu wakacheka. Mtu akauliza mguu huo wa meza umetengenezwa na nani. Bwana Tulloch alikuwa mlangoni, nikajua hatasema, kwa sababu alikuwa akiniangalia mimi na kungoja, kama siku ile ya msumeno.

Nikasimama. Nilieleza kwa nini ni mnene, kwa nini ni bapa, kwa nini ni kizibo, na kwa nini ukiuvalisha upande kwa unene wa kucha mpira utakwenda kushoto maisha yako yote. Nilisema ameubuni Bwana Tulloch kwa miaka sita, na wa fimbo hii nimeuvalisha mimi. Kina mama kumi na wanne walinisikiliza. Mama alikuwa dirishani. Wanne wa Kinlarrick waliomba wavalishiwe na wao, na Bi. Purves kutoka kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, akasema yeye aliomba tangu Julai.

Njiani kurudi Bibi alinishika mkono. Nilimwambia nasikitika kuhusu birika. Akasema chai ya Rhona safari hii ilikuwa na majani mengi zaidi, basi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama amewapigia simu hoteli: nafasi ile wampe mwingine.

Jumanne, 16 Septemba

Fimbo ya Bi. Imrie ipo mezani. Nimevua ngozi yenye mabonde; sikuitupa, nimeifunga kwenye karatasi nimrudishie. Nimevalisha mpya, nusu dakika, nikaielekeza dirishani, jicho moja. Imenyooka. Kesho anakuja kuichukua na kunirudishia yangu, na Bwana Tulloch anasema wateja sasa nitazungumza nao mimi, yeye amechoka. Ameniuliza pia kama ukuta wa mbele unaweza kubeba dirisha.

Alipokwenda kununua maziwa aliacha koti kwenye msumari. Nikatafuta uzi mweusi, nikatoa kifungo mfukoni mwangu, nikakishona mahali pake.